George Lawrence Pilkington

George Lawrence Pilkington (Eire, 1865 – Busoga, Uganda, 11 Desemba 1897) alikuwa mmisionari mlei wa Kanisa Anglikana, mwanaisimu na mtafsiri wa Biblia katika lugha ya Kiganda. Alitumwa Afrika ya Mashariki na chama cha wamisionari cha CMS, akafanya kazi nchini Buganda tangu mwisho wa mwaka 1890 hadi alipouawa akiwa na umri wa miaka 32.

Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni Biblia nzima ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896. La pili ni uamsho wa kidini ulioanza Mengo mnamo Desemba 1893, baada ya yeye mwenyewe kukiri kwamba alikuwa akimtumikia Mungu kwa nguvu zake binafsi. Kuanzia hapo alifundisha kwamba Mkristo anapaswa kumtegemea Mungu katika mambo ya kila siku, si kipaji, elimu wala bidii yake. Imani hiyo ilibadilisha pia namna kazi ya Kanisa ilivyoendeshwa, kwa kuwa sehemu yake kubwa iliachwa mikononi mwa walimu Waafrika.

Maisha ya awali

Pilkington alizaliwa mwaka 1865 katika familia ya Kiprotestanti ya Eire. Baba yake alikuwa mwanasheria, na nyumba ya ukoo ilikuwa Tore, katika wilaya ya Westmeath. Alisoma katika shule ya Uppingham nchini Uingereza, kisha akaingia chuo cha Pembroke katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alisomea Kigiriki na Kilatini. Walimu wake walimwona kuwa kijana mwenye akili kali na kipaji cha pekee cha lugha.

Alipokuwa Cambridge, mwaka 1885, alifanya uamuzi wa kuishi kwa imani ya Kikristo. Ulikuwa wakati wa msisimko mkubwa katika chuo hicho, kwa sababu mwaka huohuo vijana saba waliohusiana nacho, baadhi yao wanamichezo mashuhuri, waliacha mali na vyeo wakaenda China kuhubiri. Pilkington naye alitaka kwenda nchi za mbali mara moja. Baba yake hakupinga moja kwa moja, ila alimwomba asubiri miaka miwili kwanza. Kijana alikubali, akafanya kazi ya ualimu muda huo ulipokuwa ukipita.

Mwaka 1889 Douglas Hooper, mmisionari wa CMS aliyekwisha kufanya kazi Afrika, alirudi Uingereza kutafuta wenzake wa kwenda nao Uganda. Pilkington alijiunga naye pamoja na George Baskerville na kijana mwingine aliyeitwa Cotter. Waliondoka Uingereza mwezi Januari 1890. Pilkington hakuwa padri, na hata baadaye hakupewa daraja hilo. Alibaki mlei hadi mwisho wa maisha yake.

Safari kutoka pwani kupitia Ukaguru

Kundi hilo lilifika kwanza Frere Town, karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa na CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hapo walikaa miezi kadhaa wakisubiri nafasi ya kusafiri. Pilkington aliutumia muda huo kujifunza Kiswahili, na akaanza pia Kiganda kabla hajaiona Buganda.

Mwezi Mei 1890 alifika Alfred Tucker, askofu mpya wa Afrika ya Ikweta. Maaskofu wawili waliomtangulia walikuwa wamekufa wakiwa kazini: James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na Henry Parker alifariki kwa homa kusini mwa Ziwa Viktoria mwezi Machi 1888. Mwezi Julai 1890 Tucker, Pilkington na wenzao waliondoka Saadani pamoja na msafara mkubwa wa mfanyabiashara Charles Stokes.

Wakati huo zilikuwapo njia mbili kuu za kuipita nchi ambayo baadaye ilikuwa wilaya ya Kilosa. Njia ya kusini ilitoka Bagamoyo, ikakata mbuga ya Mkata, kisha ikapanda kwa kufuata bonde la mto Mkondoa unaopita Kilosa. Henry Morton Stanley aliipita mwaka 1871 wakati wa masika, akateseka sana katika matope ya Mkata. Sehemu ya mbuga hiyo leo iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Njia ya kaskazini ilitoka Saadani ikapita milima ya Ukaguru hadi Mamboya, halafu Mpwapwa. Mwaka 1877 mhandisi Alexander Mackay wa CMS aliisafisha njia kati ya Saadani na Mpwapwa, yenye urefu wa takriban kilomita 370, kwa matumaini kwamba mikokoteni ya ng'ombe ingeweza kuitumia. Mbung'o waliwaua ng'ombe, mvua ikaharibu njia, na majani yakaota upya. Mizigo ikaendelea kubebwa na wapagazi.

Msafara wa mwaka 1890 ulifuata njia hiyo ya kaskazini. Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, palikuwa na kituo cha CMS, na wasafiri waliweza kupumzika huko kabla ya kuendelea Mpwapwa na Ugogo. Kwa Pilkington, safari ya miguu ya miezi kadhaa ilikuwa pia darasa: alitumia nafasi zilizopatikana kuongeza maarifa yake ya Kiganda.

Safari hiyo ilimwonyesha pia jinsi mipango ya watu inavyoweza kukatika. Wawili kati ya wenzake, Hunt na Dunn, walifariki kwa ugonjwa kabla ya kufika Buganda. Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, walikuta makaburi ya askofu Parker na ya Mackay, aliyekuwa amefariki mwezi Februari mwaka huohuo. Tucker, Pilkington na wengine waliobaki walivuka ziwa wakafika Mengo, mji mkuu wa Buganda, tarehe 27 Desemba 1890.

Hali ya Buganda alipofika

Wamisionari wa CMS walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877, na wale wa Kanisa Katoliki, waliojulikana kama White Fathers, walifika mwaka 1879. Chini ya kabaka Mwanga II Wakristo wengi waliuawa kati ya miaka 1885 na 1887. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, hali iligeuka: Wakristo walirudi wakiwa washindi, wakagawana vyeo vya utawala.

Kwa hiyo Pilkington aliwakuta Wakristo ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wakiwindwa, na ambao sasa walikuwa machifu. Dini ilikuwa imechanganyika na vyama vya siasa. Tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana vita Mengo, na upande wa Waprotestanti ulishinda kwa msaada wa kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza. Baada ya hapo watu wengi zaidi walimiminika katika nyumba za ibada. Kujua kusoma na kuhesabiwa miongoni mwa Wakristo kulikuwa pia njia ya kupata heshima.

Idadi ya waumini ilikua haraka, lakini wamisionari waliona kwamba maisha ya wengi hayakubadilika. Ulevi na ugomvi viliendelea hata kwa watu waliobatizwa.

Kazi ya kutafsiri

Pilkington alipofika aliweza kutumia Kiganda kwa kiwango kilichowashangaza wenyeji. Alipewa mara moja kazi ya kutafsiri. Sehemu za Agano Jipya zilikuwa zimekwisha kuanzwa na Mackay na wenzake, lakini sehemu kubwa ilikuwa bado.

Mshirika wake mkuu alikuwa Henry Wright Duta Kitakule, Mganda aliyesoma kwa wamisionari wa Unguja na kubatizwa huko mwaka 1882. Duta alijua Kiswahili, na alikuwa na sikio kali la lugha yake mwenyewe. Mwaka 1893 alikuwa miongoni mwa Waganda wa kwanza kupewa daraja la ushemasi na askofu Tucker. Pilkington alikuwa na ujuzi wa Kigiriki. Duta ndiye aliyejua kama sentensi ni Kiganda kweli au ni maneno ya Kiganda yaliyopangwa kigeni. Kazi iliyoitwa kwa jina la Pilkington ilikuwa kwa hakika ya watu wawili na wasaidizi wao.

Mwaka 1892 kilitoka kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiganda, na mwaka 1893 Agano Jipya lote lilikamilika. Kwa kipimo cha kawaida Pilkington alikuwa amefaulu. Alikuwa na umri wa miaka 28 tu, ujuzi wake ulijulikana, na vitabu alivyotafsiri vilinunuliwa na watu waliotembea mwendo mrefu kuvitafuta.

Kisiwa cha Kome

Hata hivyo mwaka huohuo Pilkington alivunjika moyo. Alihisi kwamba mahubiri yake hayana nguvu, na kwamba yeye mwenyewe anashindwa na makosa yaleyale ambayo aliwahimiza wengine wayaache. Baadaye alisimulia kwamba alikuwa karibu kuiacha kabisa kazi ya umisionari.

Tukio moja lilimgusa kuliko mengine. Mkristo aliyeitwa Musa Yakuganda alikwenda kwa wamisionari akaomba itangazwe kwamba amerudia hali yake ya zamani. Walipomuuliza kama anaelewa anachosema, alijibu kwamba amesoma dini hiyo kwa miaka saba na anaielewa vizuri. Tatizo ni kwamba haimfaidii kitu. Hakuwa mtu aliyekosa mafundisho. Alikuwa mtu aliyefundishwa sana akabaki bila nguvu ya kuyaishi mafundisho. Pilkington aliona kwamba maneno hayo yanamhusu yeye mwalimu kabla ya kumhusu mwanafunzi.

Mwanzoni mwa Desemba 1893 alikwenda kupumzika katika kisiwa cha Kome, ambacho leo huandikwa Koome na kimo katika wilaya ya Mukono nchini Uganda. Alikuwa na kijitabu cha V. D. David, mhubiri Mtamil, kilichohusu kazi ya Roho Mtakatifu. Akiwa peke yake kisiwani alikisoma pamoja na Biblia, akafikia uamuzi kwamba kosa lake halikuwa uvivu wala ukosefu wa maarifa. Alikuwa akiomba msaada wa Mungu kwa ajili ya kazi aliyokuwa ameipanga na kuishika mwenyewe, badala ya kujiweka mikononi mwa Mungu aongozwe naye.

Kwa maelezo yake, alikuwa amepokea msamaha wa dhambi tangu Cambridge, lakini hakuwa amewahi kuomba kwa imani apewe nguvu za Roho Mtakatifu kwa maisha ya kila siku na kwa utumishi. Kisiwani Kome aliomba hivyo, akaamini kwamba amepewa.

Uamsho wa Desemba 1893

Pilkington alirudi Mengo akawaeleza wamisionari wenzake yaliyompata. Nao walikubali kwamba wamekuwa na upungufu uleule. Wakaamua kuanza mara moja mikutano maalumu, bila kuleta mhubiri kutoka nje na bila maandalizi marefu. Mikutano ilianza tarehe 8 Desemba 1893 ikaendelea kwa siku tatu.

Mikutano haikuanza kwa kuwakemea Waganda. Ilianza kwa maungamo ya wamisionari wenyewe. Mbele ya umati, Wazungu waliozoeleka kuwa walimu walikiri kwamba wamefanya kazi bila nguvu ya Mungu na kwamba wanahitaji rehema sawa na wasikilizaji wao. Jambo hilo lilikuwa geni. Kisha mamia ya watu walibaki baada ya ibada ili kuomba na kushauriwa, na miongoni mwao walikuwamo machifu na viongozi wa Kanisa.

Si kila aliyehudhuria alibadilika, na siasa za Buganda ziliendelea kama kawaida. Lakini katika miezi iliyofuata kulionekana hamu mpya ya kusoma Biblia, kusuluhisha ugomvi na kwenda kuwafundisha wengine.

Walimu wenyeji

Matokeo makubwa zaidi yalionekana nje ya mji mkuu. Kabla ya hapo kazi ilikusanyika Mengo, ambako wamisionari waliishi. Pilkington alipendekeza mpango wa kujenga vibanda vya kusomea na kusali vijijini, vilivyoitwa sinagogi, kila kimoja kikiwa na mwalimu Mganda. Walimu walikuwa watu wa kawaida waliojua kusoma na walioaminiwa na majirani, na watu wa mahali ndio waliojenga vibanda na kusaidia kuwalisha.

Mwanzoni mwa mwaka 1894 makanisa ya vijijini yalikuwa takriban 20. Mwisho wa mwaka huo yalikuwa takriban 200. Wamisionari wa CMS walikuwa wachache mno kuweza kuyaendesha, na hawakuweza hata kuyatembelea yote mara kwa mara. Kazi hiyo ilifanywa na Waganda.

Kutoka Buganda walimu walipelekwa Busoga, Bunyoro, Toro na visiwa vya ziwa. Aliyejulikana kuliko wote ni Apolo Kivebulaya, aliyebatizwa mwaka 1895. Alikwenda Toro, na mwaka 1896 alifika Mboga, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akawa mwanzilishi wa Kanisa Anglikana katika nchi hiyo.

Mpango huo ulilingana na yale aliyoyapata Pilkington kisiwani. Mmisionari anayejitegemea mwenyewe huona kwamba kila jambo lazima lipite mkononi mwake, kwa hiyo huogopa kuacha kazi kwa watu ambao hajawafunza vya kutosha. Pilkington alifikia maoni kwamba hofu hiyo ni ukosefu wa imani. Kama Mungu ndiye anayefanya kazi, basi anaweza kumtumia mkulima aliyejifunza kusoma mwaka jana, mradi mkulima huyo ana Biblia katika lugha yake.

Mafundisho kuhusu kumtegemea Mungu

Pilkington hakuandika kitabu cha teolojia. Mawazo yake yanajulikana kutokana na barua, hotuba na wasifu wake ulioandikwa na C. F. Harford-Battersby na kutolewa mwaka 1898. Yanaweza kufupishwa katika mambo manne.

Kwanza, alitofautisha kumtegemea Mungu na kukaa bure. Baada ya Kome hakuacha kamusi wala meza ya kutafsiri. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi nyingi kuliko iliyotangulia. Kilichobadilika ni mahali alipoweka tumaini. Alifanya kazi kwa bidii ileile, lakini hakuiona tena bidii hiyo kuwa ndiyo itakayowabadilisha watu.

Pili, alifundisha kwamba utegemezi huo ni wa kila siku. Mtu hawezi kuishi kwa nguvu aliyoipokea mwaka jana, kama vile hawezi kushiba leo kwa chakula cha juzi. Kwa hiyo alisisitiza sala ya binafsi na usomaji wa Biblia, si kwa walimu tu bali kwa kila muumini.

Tatu, alisisitiza ukweli juu ya udhaifu. Mtu anayeficha kushindwa kwake bado anailinda sifa yake mwenyewe, na hivyo bado anajitegemea. Maungamo ya Desemba 1893 yalikuwa mfano wa fundisho hilo.

Nne, aliliona Neno la Mungu katika lugha ya mama kuwa njia ya kumwezesha Mkristo kumtegemea Mungu bila kumtegemea mno mwalimu wa kigeni. Kwa sababu hiyo uamsho na tafsiri havikuwa kwake kazi mbili tofauti.

Mafundisho ya aina hiyo yalienea wakati huo pia Uingereza, hasa kupitia mikutano iliyofanyika kila mwaka katika mji wa Keswick tangu 1875, na wamisionari wengi wa CMS waliathiriwa nayo. Tofauti ya Buganda ni kwamba yalipokewa na Kanisa changa lililokuwa limetoka katika mateso na kuingia ghafla katika madaraka.

Likizo na kukamilika kwa Biblia

Pilkington alirudi Uingereza kwa likizo mwaka 1895. Mwezi Januari 1896 alihutubia mkutano mkubwa wa wanafunzi waliojitolea kwa umisionari, uliofanyika Liverpool. Huko alisimulia waziwazi jinsi alivyoshindwa kabla ya safari ya Kome. Wasikilizaji waliotegemea habari za ushindi walisikia kwanza habari za mmisionari aliyekaribia kuacha kazi.

Wakati wa likizo aliendelea na Agano la Kale. W. A. Crabtree, mmisionari mwenzake, alitafsiri vitabu vya manabii wadogo, na Pilkington alimaliza sehemu nyingine zilizobaki. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, takriban miaka sita tangu Pilkington alipofika Mengo. Chapa moja ilitengenezwa nene na nyembamba kwa upana ili iweze kuingia katika kopo la biskuti, ambalo liliikinga na mchwa na unyevunyevu. Kwa sababu hiyo ilijulikana kama Biblia ya kopo la biskuti.

Kifo

Pilkington alirudi Uganda, ambayo tangu mwaka 1894 ilikuwa nchi lindwa ya Uingereza. Mwezi Septemba 1897 askari Wasudani waliokuwa chini ya meja James Macdonald waliasi. Walilalamikia safari ndefu zisizo na mapumziko na malipo duni. Walielekea Busoga wakaiteka ngome ya Luba, kando ya ziwa, na tarehe 19 Oktoba walipigana na kikosi cha Macdonald. Baadaye waliwaua maofisa watatu Waingereza waliokuwa wamewakamata, mmoja wao akiwa meja Thruston.

Jeshi la Waganda liliitwa kusaidia kuizingira ngome. Wamisionari kadhaa walikwenda nalo. Albert Cook alikwenda kama daktari wa majeruhi, na Pilkington kama mkalimani kati ya maofisa Waingereza na Waganda. Hakuwa askari, lakini alikaa mstari wa mbele pamoja na watu aliowatafsiria.

Tarehe 11 Desemba 1897 kikosi kilitoka kwenda kufyeka mashamba ya migomba karibu na ngome, ili waasi wakose chakula na mahali pa kujificha. Pilkington alipigwa risasi ya paja, mshipa mkubwa wa damu ukakatika. Kijana Mganda aliyeitwa Aloni alikuwa naye, akamkumbusha maneno ya Injili ya Yohana kuhusu ufufuo. Pilkington alifariki muda mfupi baadaye. Siku hiyohiyo aliuawa pia Norman Macdonald, ndugu yake meja.

Kifo hicho kinaonyesha mpaka mgumu wa maisha yake. Mtu aliyefundisha kutotegemea nguvu za kibinadamu alikufa katika vita vya serikali ya kikoloni, akiwa upande wa wenye bunduki nyingi zaidi. Wamisionari wa wakati huo waliona kwamba waasi wakishinda Kanisa la Uganda lingeangamia, na kwamba haikuwa haki kuwaacha Waganda waende vitani peke yao. Kwa upande mwingine, ushiriki wao ulizidi kuifungamanisha dini yao na utawala wa Kiingereza, fungamano lilelile lililokuwa limeupooza Ukristo wa Buganda kabla ya mwaka 1893.

Alizikwa kwanza Busoga. Mwaka 1898 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana jijini Kampala.

Urithi

Biblia ya Pilkington na Duta ilitumika kwa miongo mingi, ikachangia sana kukisanifisha Kiganda cha maandishi. Duta aliendelea kuwa padri na mwandishi hadi alipofariki mwaka 1913.

Baada ya kifo cha Pilkington moto wa uamsho ulipungua, na katika miaka ya 1920 wengi waliona kwamba Kanisa la Uganda limezoea mno heshima na mali. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe wakasali na kusoma Biblia pamoja. Mkutano huo ulikuwa mmojawapo wa mianzo ya Uamsho wa Afrika Mashariki. Maungamo ya wazi, usawa kati ya Mzungu na Mwafrika mbele ya Mungu, na kazi kufanywa na walei, mambo yaliyoonekana Mengo mwaka 1893, yalikuwa pia alama za uamsho huo wa baadaye.

Uamsho huo ulienea Tanganyika tangu miaka ya 1930, ukafika pia katika makanisa ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati, zikiwemo sehemu za Ukaguru ambako msafara wa mwaka 1890 ulipita. Dayosisi ya Morogoro, inayohusisha eneo la Kilosa, ilianzishwa mwaka 1965. Askofu wake wa kwanza, Gresford Chitemo, alijulikana kama mhubiri wa uamsho.